Mkono Ulioinuliwa Chupa Haijafunguliwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi, yule mliyezoea kumwita Mama Chembe. Ametutoka, na ameacha agizo. Agizo lenyewe ni zito, nami nitalitimiza.

Mama Chembe alifundisha kwa miili ya wanafunzi wenyewe. "Nyie ni yabisi! Shikaneni mabega, mtetemeke papo hapo!" Kisha mnakuwa maji, mnapenyezana. Kisha mvuke, kila mtu mbio, na hapo viti vilikiona cha mtema kuni. Joto likizidi, chembe hukimbia zaidi. Hata wazito wa kuelewa walielewa.

Siku moja alileta chupa ya marashi. Begi akaliacha mle darasani, kando ya dawati la nyuma, akaenda mbele na chupa. "Nikifungua, chembe zitasambaa. Ukisikia harufu, inua mkono." Hajafungua, msichana wa dawati la nyuma akainua.

Mwalimu akamfokea, "Chupa imefungwa, wewe umenusa nini? Mwongo mkubwa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile msichana akaitwa Pua. Akisema lolote, wenzake wanaguna.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alichukua begi lake. Limelowa marashi. Chupa ilivuja njiani. Narudia, wasikilizaji: chupa ilivuja, na msichana alisema kweli. Mwalimu aliona haya, akanyamaza. Binti yake anasimulia, "Mama hakujipaka marashi tena. Ukimletea zawadi, anagawa."

Mwezi uliopita, akiwa kitandani hajiwezi, aliomba aitiwe yule msichana. Siku hizi ni fundi cherehani.

"Mwanangu, hukudanganya. Begi langu lilikuwa limelowa."

"Najua, mwalimu. Nililiona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nilishakuwa mwongo."

Mwalimu akajifunika shuka gubigubi. Binti anasema alilia kwa aibu, wala hakutaka kubembelezwa. Akasema humo humo ndani ya shuka: "Nilikuaibisha mbele za watu. Nikifa, watu waambiwe."

Kwa binti, wajukuu na walimu wenzake: poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize ni nani anatembea na jina baya tulilombandika.

Na nyie mliocheka siku ile, najua mpo mnanisikiliza. Dada yule hakudanganya. Alisikia harufu. Mkikutana naye, mwiteni jina alilopewa na mama yake.