Mma Moruakgomo, Aliyepiga Hema Nyumba Namba Kumi na Mbili

Baada ya miaka thelathini na miwili katika idara yetu ya makazi hapa Lobatse, Mma Galaletsang Moruakgomo anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi wa kaunta tumeshaanza kujiona yatima.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi ofisa wa kugawa nyumba kwa walimu, wauguzi, polisi na wengineo, wale ambao mshahara wao ni mkubwa mno kwa msaada wa serikali na mdogo mno kwa benki. Hakuwa na upendeleo. Hata mchungaji wake mwenyewe, alipokuja kuomba nyumba, Mma alimrudisha mara tatu kwa sababu masikio hayakuonekana kwenye picha ya fomu.

Tutamkumbuka zaidi kwa zile nyumba mpya arobaini za idara. Ili bei ishuke, wachoraji ramani walibana viwanja. Bei ikashuka kweli, lakini funguo zikalala kabatini bila wa kuzichukua. Wakubwa wakasema watu wanaringa, wakatangaza kwamba zisipochukuliwa hadi mwisho wa Agosti zitapigwa mnada. Tulijua nani wangezinunua, na hawakuwa wauguzi.

Mma akaenda kuuliza. Muuguzi Onalenna akamjibu: "Nyumba nzuri, Mma. Ila mama akifa, waombolezaji nawaweka wapi, juu ya bati?"

Mwingine angeandika barua. Yeye aliazima hema la chama chake cha kuzikana, akalipiga uani mwa nyumba namba kumi na mbili, akawaalika wakubwa waje kula nyama ya kupondwa, ile ya misibani. Mkurugenzi, Rra Mosimanegape, alikula akiwa ameketi barabarani kwa kukosa nafasi.

"Mma, mbona hema limeingia hadi jikoni mwa nyumba ya jirani?"

"Limeingia, Rra. Na hili ndilo dogo. Ongeza nyama."

Wiki hiyohiyo nyua zikaanza kung'olewa. Kila nyumba nne zikapata uwanja mmoja wa pamoja wa kutosha hema la msiba, bei ikabaki ileile. Ufunguo wa mwisho ulichukuliwa siku tisa kabla ya mnada, na mimi niliyeukabidhi nililia mbele ya wateja.

Kanuni zetu zinamkataza mtumishi wa idara kupewa nyumba tunazogawa. Miaka yote hiyo Mma amepanga vyumba viwili uani kwa watu, akiwakabidhi wengine funguo bila kununa. Anayekaribia kustaafu huruhusiwa kuingia foleni. Aliingia Januari, akasubiri kama wenzake, na juzi zamu yake ikafika.

Asante kwa yote, Mma. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Tarehe moja Julai uje kaunta na kitambulisho. Tutakukabidhi ufunguo wako.