Bi Evodia wa Mgori, Mwalimu wa Kusema

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko. Leo nina jina moja tu: Bi Evodia wa Mgori. Bi Evodia, mwalimu wa kusema. Tumemzika Jumamosi.

Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Alikuwa na shamba la alizeti. Wasomaji wa kanisani, makatibu wa vikundi, washereheshaji wa harusi, wote walipita pale. Unasimama mwisho huu wa shamba na tangazo lako. Yeye yuko mwisho ule, anasikiliza. Usiposikika, unashika jembe, unapalilia tuta zima, kisha unasoma tena. Mimi nimepalilia sana. Alizeti zile, nawaapia, zilikuwa zinaliacha jua zinamgeukia yeye. Anayebisha aje hapa studio.

"Usimeze mwisho wa neno," alikuwa akisema. "Fungua mdomo, nzi wana shughuli zao."

Mwaka jana, wasikilizaji, alipata kiharusi. Miguu kikamwachia, ulimi kikauchukua. Mwalimu wa kusema akawa anasema, nasi hatumwelewi.

Na binti yake, Winfrida, alikuwa anakaribia kuolewa. Siku ya kumuaga binti, mama ndiye humpa neno. Mume wa Bi Evodia, Mzee Melkizedeki, anasema kila asubuhi mama alimsimamisha yeye mwisho wa shamba, kisha mama mwenyewe akaenda mwisho wa pili kulijaribu neno hilo.

"Nilikuwa nasikia sauti tu," mzee aliniambia. "Basi anashika jembe mwenyewe, anapalilia. Kisha anajaribu tena."

Sherehe ikafika, ukumbini Utemini. Mshereheshaji akataka kumsemea. Mama akakataa, akachukua kipaza sauti. Akasema polepole, akimtazama binti yake. Winfrida akapiga magoti: "Nimesikia, mama." Tukapiga makofi. Mama akalia kwa furaha. Wiki ileile akafariki.

Pale msibani nilimuuliza Winfrida mama alimwambia nini.

"Sijui, baba. Sikushika hata neno moja. Niliona aibu kumwambia arudie mbele ya watu. Sasa nimuulize nani?"

Wasikilizaji, mnanijua kwa uongo. Pale nilitaka kutunga mmoja, nimwambie mimi nilisikia. Nikashindwa.

Mzee Melkizedeki, Winfrida, poleni. Poleni sana. Na wewe, kama nyumbani yupo mzee anayesema kwa shida, zima redio. Hata mimi nizime. Msogelee, mpe shikamoo, mwombe arudie.