Wenceslao Sumagaysay na Feni ya Kliniki

Mzee Wenceslao Sumagaysay, ambaye mji wote wa Oton ulimwita Eslao, alizaliwa tarehe 28 Septemba 1958, mtoto wa nne wa wakulima wa mpunga. Alimaliza shule ya msingi hapa Oton, kisha akajifunza ufundi umeme mjini Iloilo.

Mwaka 1981 alifungua kibanda cha kutengeneza feni na pasi nyuma ya soko. Huko ndiko alikompata Perlita, aliyefuata pasi yake mara tatu, na kila mara akaambiwa bado. Walifunga ndoa tarehe 17 Mei 1986.

Mwaka 2009 binti yao wa pekee, Mirasol, akiwa na miaka kumi na mitano, aliacha kula, akaacha shule, akawa usiku halali, asubuhi hainuki kitandani. Eslao alimwambia anadeka. Walipompeleka kliniki, mshauri wa pale, Bi. Salvacion, alisema mtoto ana sonona na hatamtibu bila wazazi. Aliwataka waje wote watatu, kila Jumamosi. Eslao aliona aibu ya kufa. Akawa anabeba sanduku la vifaa ili mtaa udhani ameitwa kutengeneza feni ya kliniki.

"We Eslao," jirani yake Doming alimtania, "hiyo feni ya kliniki ina mapepo? Kila wiki unaitengeneza!"

"Mota mbovu, bwana," alijibu, Mirasol akiwa nyuma yake.

Siku hiyo, walipofika kliniki, alipanda kweli juu ya kiti, akaanza kuifungua feni.

"Baba," Mirasol aliuliza, "unanionea aibu?"

"Mzee, shuka," alisema Bi. Salvacion. "Mjibu mtoto."

Alishuka, bisibisi mkononi. "Aibu ninayo, mwanangu. Ulikuwa unazama, mimi nikakwambia unadeka. Najionea aibu mwenyewe, si wewe."

Mirasol hakupona siku ile. Ilichukua mwaka mzima, na Eslao hakukosa Jumamosi hata moja. Ila sanduku hakuthubutu kuliacha nyumbani.

Figo zilimsumbua tangu 2021. Akiwa kitandani alimwambia Mirasol, "Siku ya kunizika, watu wasomewe kisa hiki cha feni. Na Doming awepo." Alifariki tarehe 9 Machi 2024.

Ameacha mjane, Perlita; binti, Mirasol, ambaye sasa ni mwalimu; mkwe mmoja na wajukuu wawili.

Basi, Mzee Doming, nanyi nyote mliokuja: feni ya kliniki haikuwahi kuharibika. Eslao alikuwa anampeleka binti yake. Sasa apumzike, mikono mitupu, kwa amani.