Nilifunga kwa Ajili ya Uso Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na walio wazima, na asifiwe na sisi tunaomeza vidonge kabla ya kuja kumsifu. Naitwa Tabitha, wengi mnanijua kama Mama Kui, fundi wa nguo hapa Kabiria. Sare nyingi za kina mama mnazoziona Jumapili zimepita kwenye cherehani yangu. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo, na naomba mnivumilie, kwa maana baadhi yenu mlikuwepo.

Miaka mitatu iliyopita viungo vyangu vilianza kuuma. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nywele zikakatika, mashavu yakatoka vipele vyekundu. Nilizunguka sana kabla ya kuambiwa jina la kitu hicho: lupus. Daktari mmoja katikati ya jiji alinieleza kwa utaratibu. Alisema kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa, imekuwa kama soja wa geti anayewaacha wezi na kuwapiga wapangaji, na kwamba tayari imeanza kupiga figo. Akaniandikia vidonge kadhaa, na vilivyokuwa muhimu zaidi ni vile vidogo vyeupe vya steroidi. Alinionya mara mbili: nimeze kila siku baada ya kula, na nisiviache ghafla hata kidogo, kwa sababu mwili ukivizoea huacha kujitengenezea nguvu zake wenyewe. Niliitikia ndiyo, daktari. Kuitikia ni rahisi.

Vidonge vilifanya kazi. Baada ya wiki chache nilirudi kwenye cherehani nikiimba. Lakini ndugu zangu, vilikuja na njaa! Sijawahi kuona njaa ya namna ile. Nilikuwa nimemaliza ugali wangu kabla mzee wangu hajanawa mikono, na macho yangu yako kwenye sahani yake. Dukani nilikuwa na chupa ya chai ya maziwa na mfuko wa mandazi, na kila mteja aliyeingia alinikuta natafuna. Uso ukawa mviringo, shingo ikapotea. Mimi ni fundi, siwezi kujidanganya kuhusu vipimo. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi saba. Sare yangu mwenyewe niliilegeza mishono mara mbili, na mara ya tatu kitambaa kikaisha.

Sasa, mnajua sisi watu wa hapa. Mtu akinona hatumuulizi kama anaumwa, tunamwambia amebarikiwa. Nilipopita sokoni waliniita, wakaniambia nimenawiri, mambo yamejipa. Siku moja kwenye ibada ya kina mama, dada mmoja akasimama na kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Alisema nilikuwa nimekonda kwa shida na sasa nang'aa, na kwamba Mungu ameniponya kabisa. Kanisa lote likasema amina. Nami nikasema amina. Uongo wangu ulianzia hapo.

Halafu kuna mama mkwe wangu, anayekaa Dagoretti. Alikuja kututembelea, akanitazama uso, akanitazama tumbo, akatabasamu, akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi na sufuria kubwa ya njahi. Kwa wale ambao si wa kwetu, njahi ni maharagwe meusi, na kwa desturi yetu anayepikiwa ni mama aliyejifungua, apate nguvu na maziwa. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba! Mama alikuwa ameamua kwamba nina mimba ya uzeeni, na akaona heri aanze mapema. Nilicheka mbele yake hadi alipoondoka. Kisha nikakaa jikoni nikala ile njahi nikilia, na nikaimaliza.

Mtasema, si ungewaambia ukweli tu? Ningewaambiaje? Nilishaitikia kwamba nimepona. Ningesimamaje tena kusema kwamba nameza vidonge vitano kwa siku, na kwamba baraka mnayoiona usoni ni dawa na maji yaliyojaa mwilini? Mzee wangu peke yake ndiye aliyejua, na nilimwapisha asiseme.

Ikafika Januari. Mnakumbuka mfungo ule wa siku ishirini na moja, tukila jioni tu. Mchungaji alitangaza waziwazi madhabahuni kwamba wajawazito na wenye dawa wasifunge, waje kuomba tu. Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Lakini binti yangu Kui alikuwa na ruracio yake, sherehe ya mahari, mwezi wa tatu, wakwe wanakuja, na nilitaka picha ambazo ningeweza kuzitazama bila kugeuza uso. Basi nikapiga ujanja wangu. Vidonge vinataka chakula, mfungo hauna chakula, kwa hiyo mfungo umeniondolea vidonge na hakuna atakayeniuliza. Nikavitia kwenye mkebe wa vifungo dukani, nikafunika. Mzee wangu alipouliza kama nimemeza, nilimwambia nimemeza jioni baada ya kula. Ndugu zangu, nilifunga kwa ajili ya uso wangu, na nikaubandika mfungo ule jina la Mungu.

Siku mbili za kwanza nilijiona mwepesi, nikafurahi. Siku ya nne vidole vilirudi kuuma. Siku ya sita nilitapika hata maji, na nikijaribu kusimama nyumba inazunguka. Nilijiambia ni mwili unapigana na roho. Siku ya saba nikaja kwenye maombi ya saa sita mchana, nikapewa nafasi ya kuongoza wimbo. Nilisimama, nikafungua mdomo, na miguu ikaniacha. Nikaanguka katikati ya mabenchi.

Sikuzimia kabisa. Niliwasikia. Kina mama walinizunguka, mmoja akinipepea na leso, mwingine akisema Roho amenishukia, na wa tatu akisema huyu ana kitu kinamtoka, tusimwache. Maombi yakapanda. Siwacheki, jamani, nawapenda, kila mkono uliokuwa juu yangu siku ile ulikuwa mkono wa upendo. Lakini nilikuwa nakufa, na hakuna aliyejua aombe nini. Mimi peke yangu ndani ya kanisa lile nilijua. Moyo wangu unakimbia, mikono imekuwa baridi, na bado nawaza: nikisema, watajua nilidanganya, na wakwe watasikia. Nikinyamaza, watanizika wakisema nilifia kwenye maombi. Aibu yangu ni hii: kwa muda kidogo, kuzikwa kulionekana afadhali.

Mama Mchungaji akapiga magoti, akaweka sikio karibu na mdomo wangu. Hakukemea chochote. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kui, kuna kitu haujatuambia?"

Nikasema, "Nimeacha dawa. Niko na lupus. Sikuwa nafunga, nilikuwa natafuta kukonda."

Alisimama papo hapo, akawaambia kina mama, "Nyinyi endeleeni kuomba. Mimi naenda kutafuta gari."

Ndugu zangu, mimi nilifunguliwa pale sakafuni, kabla hata gari halijafika. Kule hospitali nilidungwa sindano ya dawa ya aina ileile niliyoificha kwenye vifungo, nikawekewa maji mshipani, na daktari hakunificha kitu. Alisema presha ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo wengine hawarudi. Figo zilikuwa zimeumia lakini hazijafa. Nililala wodini siku tisa, na mzee wangu alikaa kando ya kitanda bila kunigombeza. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenigombeza.

Nilipotoka nilipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, msichana mdogo, mnene kuliko mimi. Aliniuliza nakula nini kwa siku. Nikamwandikia orodha ya malaika: mboga, matunda, maji. Akaisoma, akauliza na dukani je? Nikakumbuka chupa ya chai, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Nikakumbuka mandazi. Nikaanza kujitetea kwamba ni dawa.

Akasema, "Mama, dawa inakupea njaa tu. Mandazi unajinunulia mwenyewe."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nilipoanguka. Huyo msichana alinifundisha kula upya kama mtoto. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali uwe kama ngumi yangu, wala si ngumi ya mzee wangu. Chumvi nipunguze sana kwa sababu ya figo na uvimbe, na vile viungo vya pakiti niviache, kwa kuwa vimejaa chumvi. Chai bila sukari, na hiyo ndugu zangu niliililia wiki mbili. Njaa ikija katikati ya mchana, nitafune tango au karoti, kisha nisubiri kidogo, mara nyingi inapita. Na nitembee. Siku hizi nikifunga duka natembea hadi upande wa Jamhuri na kurudi, taratibu, na miguu ikiuma napumzika. Vidonge vya steroidi daktari amevipunguza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi. Haya yangu msiyachukue yakawa yenu. Mwili wako muulize daktari wako.

Mama mkwe nilimfuata mwenyewe Dagoretti. Nilimweleza yote, ugonjwa, dawa, uongo. Aliendelea kuchambua mboga hadi fungu likaisha.

"Kwa hivyo hakuna mtoto," akasema.

"Hakuna, Mama."

"Basi nimekuwa nikiombea figo na sijui."

Tulicheka hadi tukalia. Tangu siku hiyo nikienda kwake ananipikia mboga ya managu bila chumvi, huku akilalamika kwamba mkono wake unauma kuiacha.

Ruracio ya Kui ilifika na uso wangu ukiwa bado mviringo. Nilivaa nguo niliyojishonea kwa vipimo vyangu vya ukweli, na ikanikaa vizuri. Picha moja iko dukani. Kuna mteja aliniuliza kama yule ni dada yangu mkubwa, nikamwambia ni mimi mwenyewe, na nikaendelea kushona. Tangu wakati huo nimepungua kiasi, si sana. Lupus ninayo bado, na dawa nameza bado. Sikuja kuwaambia nimepona. Nilisema amina kwa jambo hilo mara moja, inatosha.

Nimalizie na mfungo wa mwaka huu, huu tunaoendelea nao. Nilimwomba Mchungaji ruhusa, akanipa. Kila asubuhi wakati wa maombi naketi kwenye benchi la nje, kando ya mlango, mahali kila mtu anapopita, na nduma zangu mbili, yale magimbi, na yai la kuchemsha. Nakula, nameza vidonge vyangu mbele ya watu, kisha naingia kuomba na wenzangu. Siku ya kwanza niliona haya hadi nduma ikanikwama. Siku ya pili afadhali. Siku ya tatu, binti mmoja wa kwaya, sitamtaja, alisimama mbele yangu watu wakimpita. Hakusalimia. Alifungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge iliyofungwa kwenye karatasi laini, akaishika tu mkononi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Akasema, "Auntie, naweza kaa hapa na wewe?"

Nilisogea. Nilimmenyea nduma moja, nikampa nusu ya yai, na sikumuuliza anaumwa nini. Alikula akiangalia chini, akameza dawa zake, ndipo akavuta pumzi. Ndani walikuwa wameshaanza kuimba.

Namshukuru Mungu kwa Mama Mchungaji aliyeuliza, kwa mzee wangu aliyekaa, na kwa daktari na yule msichana wa lishe. Namshukuru kwa pumzi hii ninayoitumia kusema. Na wewe unayenisikiliza, uliyevaa mikono mirefu kuficha vipele, uliyesema amina kwa jambo lisilo la kweli, sikuombi usimame mbele ya kanisa zima kama mimi. Mwamini Mungu kiasi cha kumwambia mtu mmoja. Kesho asubuhi nitakuwa pale nje, upande wa kulia wa mlango. Njoo na dawa zako. Chakula nitabeba cha kututosha.