Stempu ya Mke wa Sekunde

Benchi la nje ya duka la kutengeneza saa lina miguu mitatu mizima na tofali moja, na kila asubuhi hukaliwa na watu wanaojua kila kitu. Siku hiyo mwenye duka, Sekunde, alifika kachelewa, macho mekundu, vifungo vya shati kavifunga shaghalabaghala. Mkewe aliondoka juzi, akisema anarudi kwao, na simu kaiacha juu ya kabati. Sekunde hakujua kwao ni wapi. Ndiyo, msishangae, miaka kumi na tisa ya ndoa! Posa aliipeleka kwa shangazi wa mkewe, hapahapa mjini, na shangazi alishafariki. Alichobaki nacho ni stempu ya barua ambayo mkewe aliibandika ukutani, akisema ndiko kwao: mji wa kale wa biashara kando ya mto, maghala ya ghorofa, ngazi za mawe zinazoshuka majini. Jina la mji limefunikwa na muhuri wa posta.

— Jamani, nisaidieni, Sekunde alisema. Huu ni mji gani? Nataka nimfuate.

Spana, fundi magari, aliipokea stempu kwa ncha za vidole vyenye grisi.

— Hebu lete. Aa, hapa nimepita! Kuna daraja kubwa.

— Daraja mbona halipo, Spana?

— Si walijenga baadaye!

— Ulipita lini?

— Mimi nilikuwa nimelala. Lakini gari lilipita.

Msomi, karani mstaafu asiyekosa gazeti, akakohoa kidogo.

— Mnapoteza muda. Mto huo ulihama. Mito huhama, muwe mnasoma. Mji umebaki pakavu, hata tone hakuna. Sekunde, wewe tafuta mji usio na mto.

— Miji isiyo na mto iko mingapi, Msomi?

— Ndiyo maana nakwambia uanze mapema.

Sekunde alikunywa kahawa bila kuisikia ladha. Kila walivyomweleza ndivyo alivyozidi kupotea.

Kinyozi wa jirani, waliyemwita Waziri kwa kupenda kwake kutoa matamko, aliinyakua stempu akaigeuza juu chini.

— Tatizo mchoraji. Huyu alikaa ng'ambo, akachora alichokiona kwenye maji. Kwa hiyo hapo kushoto ni kulia.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ukishuka ukakuta pori, usihangaike. Geuka, mji uko mgongoni kwako.

— Pori la wapi, Waziri?

— Hilo kamuulize mchoraji.

— Mimi nasema mji huu haujawahi kuwepo, Msomi alidakia. Posta walitaka picha nzuri, basi.

— Sasa mke wangu katoka wapi? Sekunde aliuliza.

Spana alisema pengine shemeji alitokea posta. Hakuna aliyecheka.

Hapo alikuwa amefika mama mmoja mgeni, saa ya ukutani iliyosimama kaibana kwapani. Alisubiri, akasikiliza, mwishowe uvumilivu ukamwishia.

— Samahani, baba. Mwenyewe huyo mama alikuwa anakuhadithia nini kuhusu kwao?

Benchi zima likamgeukia Sekunde.

Akafungua mdomo. Alimwona mkewe anasuka nywele huku anaeleza nyumba ile, ngazi ile, bibi yake aliyekuwa akiuza sijui nini pale chini. Karibu kila jioni. Yeye kainamia saa za watu, anaitikia, "Enhe. Enhe." Alitafuta kitu kimoja katika maneno yote yale, jina la mtu, la mtaa, chochote.

— Alikuwa anahadithia sana, alisema.

— Nini sasa, baba?

Sekunde akaanza kulia mbele ya wanaume wenzake, kwa sababu hakukumbuka hata neno moja.