Mzee Odero na Kompyuta ya Chumba cha Lebo

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Sylvanus Odero atafunga mlango wa karakana ya umeme ya Kiwanda cha Chai cha Riamangera kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia kiwanda hiki kwa miaka thelathini na mmoja na wiki saba. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa jarida letu la wafanyakazi, kwa sababu, wanasema, mimi ndiye niliyemsumbua zaidi. Ni kweli. Mimi ni karani wa lebo, na mashine yangu imemwita Mzee mara nyingi kuliko boila, mizani na taa za ua zikijumlishwa.

Aliajiriwa tarehe 9 Mei 1994 kama fundi msaidizi wa umeme. Alitoka upande wa ziwa, karibu na Kendu Bay, akiwa na sanduku la vifaa na shati la mikono mifupi. Bosire wa boila, ambaye alikuwa hapa wakati huo, anasimulia kwamba kufikia saa mbili asubuhi kijana huyo, kwa baridi ya huku milimani, alikuwa amekwisha kuomba ahamishiwe kazi ya kutupa kuni kwenye moto wa boila. Hakuhamishwa. Alinunua sweta Nyamira mjini jioni hiyohiyo, na hatujamwona bila sweta tena, hata Januari.

"Wewe Odero," Bosire humwambia kila mwaka, "tangu lini samaki akavaa sweta?"

"Ndiyo maana samaki wakifika Nyamira wanafika wamekufa," Mzee humjibu.

Alianza na feni kubwa za kunyausha majani. Mwaka 1999 akawa mkuu wa mafundi wa zamu ya mchana. Mwaka 2006 kompyuta za kwanza zilipoletwa, meneja wa wakati huo aliuliza mkutanoni ni nani anayezijua. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee akasema yeye hazijui, ila amesikia kwamba ndani yake kuna feni, na feni anazijua. Akapelekwa Kisii kusoma kwa wiki sita. Cheti chake bado kimetundikwa karakanani juu ya birika, na mvuke umekikunja pembe zote nne.

Kwa wasomaji walio idara nyingine, nieleze kidogo chumba cha lebo. Kila gunia la chai linalotoka hapa lazima liwe na lebo yenye daraja la chai, namba na tarehe. Lebo hizo huchapishwa na kompyuta moja ndogo, isiyozidi ukubwa wa pakiti tatu za unga, iliyoko palepale chai inapofungashwa. Hapo vumbi la chai huelea siku nzima, jepesi kama manyoya ya kifaranga. Likiingia kwenye feni ya kompyuta, feni inasimama. Kwa hiyo mashine iliwekwa ndani ya sanduku la mbao. Lakini ndani ya sanduku haipumui, na joto linabaki humohumo. Ukilifungua sanduku inakabwa na vumbi, ukilifunga inapikika.

Mzee alihangaika na jambo hilo wiki mbili. Mwishowe alitoboa sanduku pande mbili, akaweka feni moja ya kuvuta hewa na nyingine ya kuitoa, kisha akahitaji kitambaa chepesi cha kuchuja vumbi. Chandarua kilipitisha vumbi. Kitambaa cha pamba kilizuia hata hewa. Ndipo akaingia ofisi kuu, sweta limefungwa hadi kooni, akauliza kwa heshima zote kama kuna mama mwenye soksi ndefu za nailoni alizochoka nazo. Kufikia chai ya saa nne habari hiyo ilikuwa imefika hadi lango kuu. Tryphosa wa jikoni alimpelekea jozi mbili kwenye sinia, zimefunikwa kwa kitambaa cha meza, akamwambia, "Mzee, mpelekee mwenyewe huyo mpenzi wako wa mbao." Soksi hizo ndizo zinazochuja hewa ya mashine hadi leo. Hufuliwa kila Ijumaa.

Alikuwa na utaratibu wake wa kutafuta ugonjwa wa mashine, na hakuuruka hata siku moja. Kwanza waya wa stima. Pili feni, inazunguka au inadanganya. Tatu alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akavirudisha kimoja kimoja. Vifutio alikuwa akiniazima mimi, na mimi nilikuwa nikivichukua kwenye mkoba wa shule wa binti yangu Kwamboka. Mwisho aliegemeza sikio kwenye sanduku ahesabu milio. Alipotaka kujua joto aligusa chuma kwa upande wa nyuma wa mkono, kama mtu anavyomgusa mtoto mwenye homa.

Hapa lazima nimtaje marehemu mume wangu, kwa sababu wasifu huu hauwezi kusemwa kwa ukweli bila yeye.

Wengi mnamkumbuka Machogu. Alikuwa fundi chini ya Mzee Odero kwa miaka kumi na mmoja. Waligawana meza, birika, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Mwaka 2021 tulipoletewa programu mpya ya lebo, kompyuta ilizidiwa. Lebo moja ilichukua karibu dakika nzima, magunia yakajipanga hadi mlangoni, nami nikawa nafika nyumbani Kwamboka ameshalala. Machogu hakupenda. Siku moja alifungua ukurasa wa mipangilio wa mashine na kupandisha kasi ya prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote, kupita kasi aliyoiwekea aliyeiunda. Aliweka pia nywila kwenye ukurasa huo ili mtu wa zamu nyingine asiguse mipangilio yake. Siku iliyofuata lebo zilitoka zikifuatana, na saa kumi na moja nilikuwa nyumbani nikimenya ndizi. Aliniuliza, "Sasa umeona nani fundi?"

Aprili 2022 aliugua siku tisa, akafariki. Tulimzika Marani kwa mama yake. Nywila hakumwambia mtu.

Niliporudi kazini nilimwomba Mzee jambo moja. Nilijua njia ya kuingia bila nywila ipo: kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, iliyokaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ukiitoa kwa muda, mashine inasahau kila ilichoambiwa na kurudi ilivyozaliwa. Nilimwomba asiitoe. Kila asubuhi nilipowasha na kuona ile kasi, niliona kazi ya mkono wa Machogu. Mzee aliniangalia, akasema, "Sawa, Mama Kwamboka."

Kuanzia kiangazi cha mwaka uliofuata mashine ilianza kuzimika. Mzee alibadilisha feni. Alipangusa ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, akapaka mpya, nyembamba kama siagi ya mtu maskini. Alihamisha sanduku mbali na ukuta wa boila. Jumamosi moja alikwenda Kisii kutafuta vipuri vidogo vya ubao, na nilikasirika kwamba aliporudi alikuwa na ndizi mbivu za soko la Nyakoe, nikadhani alikwenda kutembea.

Machi 2023 ilizimika katikati ya kazi, lori limesimama likisubiri kwenda Mombasa. Lilisubiri kwa muda wa saa sita. Kikaitwa kikao. Mzee aliulizwa sababu mbele ya wote, akasema ni uzembe wake mwenyewe, hakusafisha feni vizuri. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na tisa. Mwandishi wa kumbukumbu za kikao nilikuwa mimi. Niliandika kwa mkono wangu: "Bw. Odero alikubali kosa." Na moyoni nilisema alistahili, kwa sababu nilimwona kama mtu anayeiacha mashine ya Machogu ife.

Jumatatu wiki hii, tarehe 23, Mzee alinikabidhi funguo za karakana na daftari lake. Kwa kawaida mtu hukabidhi kwa fundi anayechukua nafasi yake. Hakuna anayechukua nafasi yake. Tumeambiwa nafasi hiyo haitajazwa, na kitu kikiharibika tuandike barua. Ndiyo maana funguo ziko kwangu, mtu wa lebo.

Daftari hilo ni la joto. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, aliandika joto la prosesa na kiasi cha umeme inachokula. Nililifungua ili nijifunze kusoma namba. Kwenye tarehe 14 Juni 2022, miezi miwili baada ya mazishi, aliandika hivi: "Umeme wa prosesa uko juu mno. Vikopo viwili vya ubao vimevimba. Ni mpangilio wa Machogu, utaiua mashine. Nisimwambie Mama Kwamboka. Apumzike kwanza."

Kwenye kurasa za mbele niliona ile safari ya Kisii. Alikwenda kununua vikopo hivyo viwili, vile vipuri vidogo vinavyotuliza umeme kwenye ubao, akavichomelea mwenyewe siku yake ya kupumzika.

Nilimpelekea daftari karakanani. Alikuwa akifunga birika kwenye gazeti.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni maandishi yangu mabaya."

"Ulijua tangu mwaka ule. Mbona ulisema ni feni?"

Aliendelea kufunga birika. "Ningesema ni nani? Machogu hakuwa kwenye kikao ajitetee."

"Lakini ulipewa barua."

"Barua ni karatasi, Mama Kwamboka. Nilikuwa na sweta."

Nilishindwa hata kucheka. Nimemwandikia meneja nikieleza ukweli wote na kuomba barua hiyo iondolewe kwenye faili la Mzee. Hadi ninapoandika haya sijapata jibu. Hata likija, litamkuta ameshakwenda, na ile miaka miwili aliyotembea humu watu wakimwita mzee aliyechoka haiwezi kuondolewa kwenye faili lolote. Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo kila mfanyakazi atasoma: kosa halikuwa la Sylvanus Odero. Lilikuwa kosa la mume wangu, aliyetaka nifike nyumbani mapema, na langu mimi, niliyekataza lirekebishwe. Yeye alilifunika miaka mitatu, kwa soksi na feni na mwili wake mwenyewe.

Jumanne asubuhi nilimwomba aitoe betri. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia sina, aitoe tu. Alichomoa stima, akafungua sanduku, akaibana betri kwa ukucha ikaruka kama mbegu ya chungwa. Tukakaa dakika kumi tukiitazama juu ya meza. Sijui nilidhani nitahisi nini. Nilihisi kama siku ile tulipotoka Marani na kumwacha.

Aliirudisha, akawasha. Hakukuwa na nywila. Mashine iliamka polepole, ikatafuta tarehe na kuikosa, ikaandika ile iliyoijua siku ilipozaliwa: tarehe 1 Januari 2018.

Siku hiyo naikumbuka. Tulikuwa Marani, na Machogu alikuwa akipaka chokaa jiko la mama yake hadi nyusi zikawa nyeupe, na Kwamboka alimkimbia kwa sababu hakumjua.

Mzee aliivuta kibodi mbele yangu. "Tarehe ni yako," alisema.

Nilimwomba tungoje chai ya saa nne ipite kwanza. Magunia yalikuwa yakisubiri, na yeye hajawahi kuchelewesha gunia kwa hiari yake. Alikwenda akaleta vikombe viwili. Tulikunywa tukiwa bado kwenye mwaka 2018. Vikombe vilipokwisha niliandika tarehe 24 Juni 2025, nikabonyeza. Lebo ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima kutoka.

Mzee Odero, sijui tutafanyaje. Kamati ilitaka niandike kwamba umetuachia msingi imara, lakini wewe hupendi uongo kwenye daftari. Ulichotuachia ni funguo ambazo sijui matumizi yake yote, na mashine ya polepole. Leo saa nane niliigusa kwa upande wa nyuma wa mkono, kama wewe. Ilikuwa baridi. Nimeandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wako.

Ahsante kwa miaka thelathini na mmoja. Ahsante kwa miaka mitatu ambayo sikujua. Unarudi ziwani, kwenye joto lako mwenyewe ulilolikosa tangu asubuhi ile ya Mei. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na jua la kukutosha. Ukifika, vua sweta.

Emily Nyanchera
Chumba cha Lebo