Apolonia Melkiori, Aliyedai Ukurasa Mzima

Leo, Ijumaa tarehe 28 Februari 2020, Bi Apolonia Melkiori anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uhakiki wa nyaraka hapa Plano, Texas, kwa miaka ishirini na moja kasoro siku moja. Hiyo siku moja ametukumbusha mara tatu wiki hii, kwa kuwa hapendi tarehe za kukadiria. Wengi wetu tunamwita Mama Glory. Vijana wanamwita Mama tu, hata wale ambao mama zao wapo na ni wakali kuliko yeye.

Alizaliwa Rombo, akasomea ukunga, akazalisha kwa miaka mingi katika hospitali ya misheni ambako daftari la uzazi lilikuwa mikononi mwake. Alipofika Texas cheti chake hakikutambuliwa. Hakukaa kulia. Tarehe 1 Machi 1999 aliingia kwetu kuhakiki vyeti vya wauguzi wa kigeni, na nusu ya wauguzi wa Kikenya wa Dallas na Houston wamepita mezani kwake, wengine zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 alipolazwa kwa ajili ya mawe ya nyongo, muuguzi wa zamu aliyekuja na sindano alikuwa dada mmoja ambaye maombi yake Mama Glory aliyarudisha mara nne. Mama Glory anaapa kuwa sindano haikuuma.

Mwaka 2013 ofisi ilipata kazi iliyotushangaza sote: besiboli. Timu za ligi kuu hutuma wasaka vipaji Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko kutafuta vijana wenye kipaji cha kurusha na kupiga mpira. Kijana wa nje anaruhusiwa kutia saini akiwa na miaka kumi na sita, na dirisha la usajili hufunguliwa tarehe 2 Julai. Kila timu ina fungu lake la fedha la mwaka kwa vijana hao, na mara nyingi fungu hilo huwa limeshaahidiwa watu kabla dirisha halijafunguliwa. Sasa, kijana wa miaka kumi na sita anayerusha mpira maili tisini kwa saa ni lulu. Akiwa na miaka kumi na tisa, kasi hiyo hiyo haimshangazi mtu. Ndiyo maana wapo wanaopunguza umri, na ndiyo maana timu hutafuta watu kama sisi.

Tulipelekwa uwanjani Arlington, katikati ya joto la Julai, ili tuujue mchezo. Mama Glory aliuliza mara kadhaa hawa watu wamesimama wanamsubiri nani. Alipoambiwa kwamba mechi haina saa ya kumalizika, alifungua kopo lake la maandazi akatugawia, na hajarudi uwanjani tangu siku ile. Lakini daftari la uzazi alilijua nje ndani. Kila aliyeanza kazi chini yake alifundishwa neno moja: leta ukurasa mzima. Usimwangalie mtoto peke yake. Waangalie waliozaliwa kabla yake na baada yake, wino wao, mwandiko wao, tarehe zao.

Mwezi Juni 2018 tulikuwa na mafaili arobaini na siku hazitoshi. Moja lilikuwa la kijana wa Kidominika aitwaye Wilkin, mrushaji, aliyeandikwa kuwa amezaliwa Machi 2002. Timu moja ilikuwa imemwahidi nafasi. Wakala wetu alituma picha ya mstari wake tu kutoka kwenye daftari la zahanati, na mstari wenyewe ulikuwa umebanwa katikati ya mistari miwili, kwa wino tofauti. Kwa yeyote wa kazi hii, hiyo ni dalili ya kughushi. Siku ile hatukudai ukurasa mzima. Tulichoka, na tuliona tulichotegemea kuona. Tarehe 4 Juni faili lilipigwa muhuri wa kukataliwa, na kwa utaratibu wetu likawekwa sahihi mbili: ya Mama Glory na ya mhakiki mwenzake.

Jumamosi ya tarehe 16 Mama Glory alikwenda Alief, Houston, kwenye sherehe ya komunyo nyumbani kwa rafiki yake Celestine, Mkongo aliyekuja Marekani kupitia kambi ya wakimbizi. Alimkuta ana hasira. Kocha wa shule alikuwa amemtoa mwanawe kwenye timu kwa sababu hakuamini karatasi zake. "Watoto yangu yote ine, birthday yabo ni le premier janvier," Celestine alimwambia, yaani wote wanne wameandikwa tarehe mosi Januari. "Ni karani wa camp aliandikaka vile. Sasa miye njo mwongo?" Mama Glory aliweka sahani ya wali chini. Alikumbuka Rombo, akina mama waliojifungulia nyumbani na kuletwa hospitalini baada ya wiki, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiibana mistari yao katikati ili tarehe zifuatane. Mistari ya namna ile ile, kwa kalamu yoyote iliyokuwa karibu. Alikuwa amemwita kijana mwongo kwa kosa ambalo yeye alilifanya kwa nia njema zaidi ya mara mia.

Jumatatu alikuwa ofisini kabla ya taa kuwashwa. Siku kumi na nne zilibaki kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Kiplagat, mtu mwema asiyependa faili lirudi mezani, alimwambia, "Mama Glory, hiyo kitu tulishamaliza. Team wame-move on." Mhakiki mwenzake, ambaye sahihi yake ilihitajika ili faili lifunguliwe, naye alikataa. Alimwambia kijana ni mmoja tu, waachane naye. "Huyo mmoja," alijibu Mama Glory, "ndiye tuliyemwandikia uongo." Akajaza fomu ya likizo, akanunua tiketi kwa fedha yake, na tarehe 20 akapanda ndege kwenda Jamhuri ya Dominika na Kihispania chake cha salamu na namba.

Alirudi wiki moja baadaye, miguu imevimba, na picha ya ukurasa mzima. Mistari iliyobanwa ilikuwa mitano. Miwili kati ya hiyo ilikuwa ya wasichana, na hakuna timu ya besiboli inayomsajili msichana, kwa hiyo hakuna mtu wa kughushi umri wao. Mkunga mzee wa zahanati ile alikuwa hai, na alimweleza kwa ishara na vidole kile ambacho Mama Glory alishakijua. Tarehe 29 Juni Bwana Kiplagat aliihesabu mistari ile kwa kidole, akalifungua faili kwa mkono wake mwenyewe bila kusubiri sahihi ya pili, na Wilkin akarudishiwa umri wake.

Nafasi yake ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Julai yote ilipita bila neno. Tarehe 14 Agosti timu nyingine ilimsajili, kwa fungu dogo kuliko aliloahidiwa mwanzo, na sasa yuko kwenye kituo chao cha mafunzo. Huenda asifike ligi kuu, wengi hawafiki. Mama Glory hajawahi kuuliza kasi yake. Bwana Kiplagat, kwa heshima kubwa, aliandika kanuni mpya, na leo hakuna faili linalopokewa hapa bila ukurasa mzima.

Mama Glory alifanya jambo jingine. Alichukua ile ripoti ya tarehe 4 Juni, akaiweka mwanzo kabisa wa kabrasha la mafunzo, jina lake likisomeka wazi chini ya muhuri. Kila mhakiki mpya huanza kwa kosa lake. Sahihi ya pili imefunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe, kwa sababu mwenye nayo alimwendea akamwomba, na yeye akaifunika. Kwa hiyo vijana wote waliojiunga tangu wakati huo wanajua kwamba Mama Glory alikosea peke yake.

Hakukosea peke yake. Sahihi ya pili ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia aachane na yule kijana, na mimi ndiye niliyekuwa nikila chakula chake cha mchana mwaka mzima na nusu huku nikimwachia aibu ya watu wawili. Nimeomba kuandika wasifu huu ili niseme hivyo mbele ya ofisi nzima na ya mwanawe Glory, na programu za sherehe hii zimeshachapwa, siwezi tena kurudi nyuma.

Mama Glory, ahsante kwa kazi, kwa maandazi, na kwa kunisitiri hali sikustahili. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, ulale mpaka jua lipande. Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, nitaibandua ile karatasi nyeupe.

Kidawa, mhakiki mwenzako